Wimbo wa Ndimi Mbili Una Kosa Gani?

Wapo walinzi wa Kiswahili wanaodai kwamba mwimbaji anayetia Kinyamwezi katika wimbo wa Kiswahili anaichafua lugha ya taifa. Watu haohao huusikiliza wimbo wa vijana wa Dar es Salaam ulio nusu Kiingereza, wakatikisa vichwa kwa raha. Nauliza: uchafu ule umegeuka usafi kwa sababu gani?

Naandika kutoka Tabora, mji ambao haukukipata Kiswahili chake vitabuni. Kiliingia kwa miguu, pamoja na misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji, miaka mingi kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912. Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi. Walikwenda pwani na lugha yao, wakarudi na nyingine, wala hawakuitupa ile ya kwanza. Hata ngoma ya Wanyamwezi iitwayo hiari ya moyo ina jina la Kiswahili, nami sijamsikia mzee akilalamika kwamba Kinyamwezi kimechafuliwa.

Njia hiyohiyo ilipita Ugogo, alikotoka Hukwe Zawose. Aliimba Kigogo na Kiswahili kwa zeze na ilimba, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na albamu yake ya Chibite ya mwaka 1996 ikasikilizwa Ulaya. Nani alithubutu kumwambia achague ulimi mmoja? Saida Karoli naye alipoimba Kihaya katika Maria Salome, nchi ilicheza bila kudai mkalimani. Huko Marekani, bendi ya Downtown Boys ilitoa albamu ya Cost of Living mwaka 2017, panki ya Kiingereza na Kihispania. Kihispania hakikuwekwa mle kama kachumbari pembeni ya sahani. Kinabeba hasira ileile inayobebwa na Kiingereza.

Kwetu, kanuni za utangazaji zinawataka watangazaji watumie Kiswahili au Kiingereza. Basi mgeni apewe kiti studioni, na mwenyeji achungulie dirishani?

Na hao wanaojiita watetezi waikumbuke taarabu. Ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa Unguja, hadi Siti binti Saad alipoiimba kwa Kiswahili na kwenda kurekodi santuri Bombay mwaka 1928. Siku hizo Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya uani.

Sitetei uvivu. Anayepachika neno la Kiingereza kwa kuwa ameshindwa kutafuta kina, na akosolewe. Anayepachika Kinyamwezi kwa uvivu uleule, akosolewe vilevile. Mizani iwe moja.

Yangu haikuwa moja. Nilipokuwa nikisomesha sekondari, mwanafunzi aliniletea shairi la tarbia, mizani kumi na sita barabara, vina vimetulia, ila kibwagizo chake kilikuwa cha Kinyamwezi. Kilikuwa na vina na mizani sawa na mishororo mingine. Nilikikata kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni: si Kiswahili. Juma lilelile mwenzake alitia maneno mawili ya mahaba ya Kiingereza katika ubeti wake. Nikayapigia mstari tu, nikacheka, nikampa alama zake. Yule wa kwanza hakuniletea shairi tena.