Thamani ya Madini Imo Katika Maarifa

Hewa ya kaboni dioksaidi, itokayo katika mabomba ya viwanda na ya magari, imezoeleka kutajwa kuwa ni uchafu mtupu. Hata hivyo, hewa hiyo hiyo ikishikwa huwa malighafi. Mbolea ya urea hutengenezwa viwandani kwa kuiunganisha na amonia, na katika utengenezaji wa aspirini imo hatua isiyotimia bila hewa hiyo. Kwa hiyo hapana shaka kwamba hewa hii yaweza kugeuzwa mali. Swali ni nani atakayekuwa na maarifa ya kuigeuza.

Kazi hiyo si nyepesi. Kaboni dioksaidi ni hewa tulivu, haikubali kubadilika upesi. Yahitaji kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ilhali chenyewe hakiliwi. Metali kadhaa huifanya kazi hiyo, lakini zikiachwa hivi hivi chembe zake hushikamana, na zile zilizofichika ndani ya bonge hukaa bure. Ndiyo maana wanakemia wameunda polima zenye vinyweleo vingi mno, wakazifunga metali humo kila moja mahali pake, ili hewa ipite na kuifikia.

Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akiwamo Omar Yaghi, walitangaza vichocheo vya namna hiyo vilivyobeba kobalti. Vikiwa ndani ya maji na kupitishiwa umeme, viliigeuza kaboni dioksaidi kuwa kaboni monoksaidi. Hewa hii ndiyo iuayo watu waliolala na jiko la mkaa chumba kikiwa kimefungwa. Lakini kiwandani, ikichanganywa na haidrojeni, huzaa mafuta na kemikali nyingi. Asilimia 90 ya umeme uliopita ilikwenda katika kazi iliyokusudiwa, na utendaji ulifikia mara 26 ya ule wa molekuli za kobalti zisizojengwa ndani ya polima.

Yafaa ikumbukwe kwamba kichocheo hakizai nguvu. Umeme huo ukitoka katika mitambo ya makaa ya mawe, moshi utakaozalishwa waweza kuushinda ule uliookolewa. Anayeisifu sayansi hii bila kuuliza chanzo cha umeme anahesabu mapato na kusahau matumizi.

Lakini fundisho kubwa zaidi linaihusu Afrika. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika ardhi ya Kolwezi na Likasi, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani. Sehemu ya shehena hiyo hupita Tunduma hadi bandari ya Dar es Salaam, kisha husafishwa ng'ambo, hasa Uchina. Katika kichocheo kile cha Berkeley, kobalti iliyotumika ni chembe kidogo sana. Kilichoipa thamani si uzito wake, bali mpangilio wake. Atakayeuza mawe kwa tani atalipwa bei ya mawe. Mwenye kujua kuipanga atomu ndiye atakayepanga na bei.

Wala isidhaniwe kwamba elimu hiyo imeumbiwa watoto wa matajiri. Yaghi alizaliwa Amman mwaka 1965 katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, katika nyumba isiyo na maji ya bomba. Mwaka 2025 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Hapana budi, basi, mwalimu wa kemia apewe maabara iliyo na vifaa, isiwe chumba chenye jina tu. Na mtumishi anayeandaa mikataba ya madini ahakikishe kwamba humo imeandikwa nafasi ya kusomesha vijana na kusafisha madini nchini. Shehena ikishapita bandarini hairudi. Mtaalamu aliyefunzwa nyumbani hubaki na kuwafunza wengine.