Damu ya Kitovu: Akiba au Zawadi?

Mtoto akishazaliwa, kondo la nyuma huzikwa au hutupwa. Kumbe damu inayobaki humo na katika kitovu ina chembe zinazozaa damu mpya! Mwaka 1988, huko Paris, Daktari Eliane Gluckman na wenzake walimtibu mtoto wa miaka 5, mwenye ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa damu ya kitovu cha mdogo wake. Akapona. Tangu hapo wametibiwa hivyo hata watoto wenye saratani ya damu ambao dawa hazikuwatosha.

Siku hizi yako makampuni yanayowatoza wazazi fedha ili wamwekee mtoto damu yake mwenyewe. Sisi tunaona ni afadhali, palipo na benki ya wote, kuitoa bure. Mtoto akipata saratani ya damu, mara nyingi yake haimfai, maana huenda mbegu ya ugonjwa ilikuwamo tangu kuzaliwa. Atahitaji ya mwenzake. Je, kila mzazi akifungia ya kwake, huyo atasaidiwa na nani? Ila kama nyumbani yupo ndugu mgonjwa, daktari aulizwe mapema, kabla ya uzazi.