Isaac, Miaka 65

Wapo wanaodhani kwamba leja na barua za biashara za watu waliokufa zamani hazimhusu mseminari. Hatukubaliani nao, na mfano wetu unatoka ndani ya Kanisa lenyewe.

Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland, Marekani, waliuza watumwa 272 kwa wenye mashamba wa Louisiana kwa dola 115,000. Mkuu wa Shirika kule Roma aliweka masharti: familia zisitenganishwe, watu waendelee kupata huduma za dini, fedha zisilipe madeni. Hayakuheshimiwa. Sehemu ya fedha ililipa madeni ya chuo cha Georgetown.

Tunayajua haya kwa sababu karatasi zilitunzwa: barua za mapadre, hesabu za mashamba, vitabu vya ubatizo, na mkataba wenyewe. Jina la kwanza humo ni Isaac, miaka 65. Kwa aliyeandika, ile ilikuwa orodha ya mali tu. Leo wajukuu na vitukuu huipekua wakiwatafuta mababu zao. Mwaka 2017 chuo kiliomba radhi, na jengo lililowahi kuitwa kwa jina la Padre Thomas Mulledy, aliyesimamia mauzo, likapewa jina la Isaac Hawkins.

Tunaambiwa mambo haya yanalichafua Kanisa, afadhali makabati yafungwe. Lakini ni nani kati yetu huenda kitubioni akasimulia nusu?

Nasi tunaopewa zamu ya kujaza kitabu cha ubatizo parokiani, tusiandike “Maria” tukaishia hapo.