Kutoka Manyani hadi Kabul: Tabibu wa akili anapomtumikia mhoji

WAKAZI wa Chawia wanaoshuka Mwatate hadi Voi, kisha wakafuata barabara kuu ya Nairobi, hupita Manyani. Leo hapo pana gereza na chuo cha askari wa wanyamapori. Mnamo 1954, baada ya msako wa Anvil jijini Nairobi, serikali ya kikoloni ilifungia hapo maelfu ya washukiwa wa Mau Mau.

Mahabusu walichujwa na kupangwa kwa rangi. 'Weusi' walikuwa wale waliokataa kukiri kiapo, 'kijivu' ni walioanza kulegea, nao 'weupe' walikaribia kuachiliwa. Mwaka huo huo Dkt J.C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya akili ya Mathari, aliitwa na serikali kuichunguza Mau Mau. Ripoti yake ilieleza uasi huo kuwa zao la mtikisiko wa akili ya Mkikuyu aliyeacha mila kabla ya kuufikia usasa. Kilio cha ardhi kikapewa nafasi finyu. Carothers hakumpiga mtu kiboko. Lakini mdai haki akishaitwa mgonjwa, anayemtesa hupata kisingizio cha kujiita tabibu.

Nusu karne baadaye ikawa zamu ya Mtanzania. Suleiman Abdullah Salim alikamatwa Mogadishu Machi 2003, akapitishwa Kenya na kufikishwa katika jela ya siri ya CIA karibu na Kabul. Huko alifungwa minyororo gizani, akamwagiwa maji baridi na kunyimwa usingizi kwa muziki wa kelele. Aliachiliwa 2008, akiwa na barua iliyosema kwamba si tishio kwa Marekani.

Mbinu hizo zilibuniwa na wanasaikolojia wawili, James Mitchell na Bruce Jessen, ambao awali waliwafunza wanajeshi kustahimili mateso ya adui. Waliugeuza ujuzi huo, na kampuni yao ikalipwa dola milioni 81. Salim na wenzake waliwashtaki 2015. Kesi ikamalizwa kwa maafikiano Agosti 2017.

Hoja iliyotumika kuwatetea wataalamu wa aina hii si ya kupuuzwa. Mnamo 2005 jopo la chama cha wanasaikolojia wa Marekani lilidai kuwa kuwepo kwao huzuia mahojiano kuvuka mpaka. Je, atazuia nini mtu anayelipwa na mhoji, ilhali mahabusu hakumwita wala hawezi kumfukuza? Uchunguzi huru wa 2015 ulibaini kuwa viongozi wa chama walishirikiana kisiri na maafisa wa Wizara ya Ulinzi kulegeza miiko. Mwaka huo baraza lake lilipiga marufuku kushiriki mahojiano hayo. Mjumbe mmoja tu alipinga.

Kumtibu askari aliyerudi vitani na kiwewe ni jambo jingine kabisa: huyo ndiye mgonjwa, na siri zake ni amana. Tatizo huanza pale hofu za mtu zinapochunguzwa ili zitumiwe dhidi yake.

Kenya ina sheria ya wanasaikolojia ya 2014, na ile ya kuzuia mateso ya 2017 inayotambua maumivu ya akili pamoja na ya mwili. Kipimo kimeshawasili nyumbani: Mohammed Abdul Malik, aliyekamatwa Mombasa Februari 2007 na kuzuiliwa Guantanamo, alirejeshwa Kenya Disemba 2024 bila kuwahi kufunguliwa mashtaka na Marekani.