Usiache akaunti yako wazi saiba

PIN ya KRA, mkopo wa HELB, cheti cha maadili mema: hapa Nyamasaria vijana wengi huishia saiba. Simu tunazo, lakini fomu ndefu tunajazia kwenye kompyuta ya wenyewe. Tukimaliza tunalipa, tunakimbilia matatu.

Shida iko kwa kile kidirisha kinachouliza: nihifadhi nenosiri? Wengi hubonyeza ndiyo bila kusoma. Kivinjari hakijui kwamba umeondoka. Atakayekalia kiti hicho baadaye anaweza kufungua barua pepe yako, na huko ndiko nenosiri za akaunti zako nyingine hubadilishiwa.

Wengine wanadhani hali fiche ya Chrome inatosha. Hiyo hufuta historia ukishafunga madirisha yake yote. Haizuii tovuti kukuona, wala programu ya wizi iliyopandwa kwenye mashine. Na mashine zenyewe nyingine ni za zamani: Chrome iliacha kusasishwa kwenye Windows 7 mwaka 2023, nayo Microsoft ikakomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika data za watu azilinde. Kwa hivyo wenye saiba, wawekeeni wateja hali ya mgeni, ambayo haibaki na historia wala nenosiri dirisha likifungwa. Nawe kijana, kabla ya kuinuka kitini, toka kwenye kila akaunti. Ni dakika moja tu, matatu itangoja.