Gitaa Lile Lisiuzwe

Katika mkutano wa wazazi na walimu utakaofanyika mwishoni mwa muhula huu, moja ya mambo yatakayozungumzwa ni gitaa la umeme la Chama cha Muziki. Mgeni mmoja aliyepita hapa Dodoma ameliona, akalipenda, na ametoa bei ya Sh. 900,000/=. Wapo wanaosema liuzwe mara moja, maana sisi tulilinunua kwa Sh. 180,000/= tu, na faida hiyo yaweza kununua vitabu. Hoja hiyo si ya kudharau. Walakini mimi, nikiwa mmoja wa wanafunzi sita waliolitengeneza, naona halifai kuuzwa, na napenda kueleza sababu zangu kabla ya siku ile.

Kwanza yafaa msomaji ajue ni gitaa la namna gani. Lilitengenezwa Japani katika miaka ya 1960. Jina la kiwanda limefutika kichwani, na siku tulipolinunua halikuwa na nyuzi wala sauti. Tulilipata kwa mzee mmoja wa hapa mjini, ambaye zamani alikuwa akipiga ridhimu katika bendi za dansi. Alipokwisha kuhesabu fedha alituambia, "Wajukuu zangu, mimi vidole vimekwisha. Lipigeni, msilitundike ukutani." Tukamjibu, "Tumesikia, babu," tukaondoka nalo.

Mtu aweza kuuliza: gitaa la umeme lina uhusiano gani na sisi watu wa uwanda huu wa kati, wenye zeze na marimba zetu? Jibu ni kwamba lina uhusiano mkubwa. Patrick Balisidya, kiongozi wa bendi ya Afro 70, ambaye wimbo wake "Harusi" bado waimbwa na watu wengi, alikuwa mwana wa Dodoma, mzaliwa wa Mvumi. Alipiga gitaa la umeme, na hakuna aliyemwambia kwamba ameuacha Ugogo. Naye Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na marimba aliyefariki mwaka 2003, alirekodi muziki wetu pamoja na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, na wala zeze halikupoteza heshima yake. Vyombo havigombani, wanaogombana ni watu.

Sababu yangu kubwa nimeipata katika historia ya bendi zetu. Katika miaka ya 1960 na 1970 ni wanamuziki wachache mno walioweza kujinunulia gitaa la umeme. Mara nyingi vyombo vilikuwa mali ya chama, jeshi, shirika au mwenye bendi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa vya chama. Mpigaji akihama, gitaa hubaki, na kijana mwingine hulipokea. Jina la bendi hiyo lilibadilika pamoja na jina la chama, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo yaitwa Msondo Ngoma. Wapigaji wamepita wengi, na bendi haikufa. Hiyo ndiyo faida ya chombo kuwa cha taasisi: hakimfuati mtu mmoja nyumbani kwake, bali hupitia mikono mingi, na kila mkono huacha ujuzi wake kwa mwingine. Mgeni yule, kwa wema wote alio nao, akilichukua gitaa hili litakuwa la mtu mmoja. Likibaki shuleni, kila mwaka litapata mikono mipya.

Sababu yangu ya pili ni elimu tuliyoipata katika kulitengeneza. Nitaieleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa wazazi wengi hudhani tulikuwa tukicheza.

Gitaa la umeme halina kipaza sauti ndani yake. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa katika waya ule. Ni kanuni ileile aliyoigundua Faraday mwaka 1831, nasi tulikuwa tumeikariri darasani bila kuisikia ikilia. Gitaa letu lina koili mbili. Mwalimu wetu wa Fizikia alitupa mita, tukapima. Ya kwanza ilionyesha omu elfu sita na kitu, nayo ilikuwa nzima. Ya pili haikupitisha umeme hata kidogo, yaani waya wake ulikuwa umekatika. Tuliifungua polepole, tukaona umekatika mwishoni kabisa, pale unapoungana na waya mnene wa kutokea nje. Tukafungua mzunguko mmoja tu na kuulehemu upya. Kazi hiyo ilichukua Jumamosi mbili, na hakuna aliyethubutu kupiga chafya.

Vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti vilikuwa vimejaa vumbi, vikikwaruza kila vikiguswa; tulivisafisha kwa dawa ya mafundi wa redio. Kile kipande kidogo cha kichwani kinachopitisha nyuzi kilikuwa cha plastiki, nacho kimepasuka. Kununua kingine kungetuchelewesha, na katika mkoa wenye ng'ombe wengi kama wetu hapakuwa na haja. Tulipata mfupa wa mguu wa ng'ombe kwa muuza nyama, tukauchemsha kutoa mafuta, tukaukausha, tukaukata na kuupiga tupa hadi ukakaa sawa. Mafundi wakubwa wa magitaa duniani hutumia mfupa huohuo.

Kisha ikaja hesabu. Vile vyuma vya shingoni havikupangwa kwa kukisia. Kila kimoja kinapandisha sauti kwa kuzidisha mitikisiko kwa 1.0595, na ukifanya hivyo mara 12 mitikisiko huwa maradufu. Kwa hiyo uzi wenye urefu wa milimita 648 hukatwa katikati kabisa, kwenye 324, na chuma cha 12. Chuma cha kwanza hukaa milimita 36.4 kutoka kichwani. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akiichukia hesabu alikokotoa vyote kwa hiari yake, ili ajue kama kuna kilichosogea.

Hewa ya Dodoma nayo ilitufundisha. Kiangazi chetu ni kirefu, na mbao hukauka zikapungua. Shingo ilikuwa imesinyaa hata ncha za vyuma zikajitokeza pembeni na kukata vidole. Tulizipiga tupa. Ndani ya shingo umo ufito wa chuma wa kuinyoosha. Tuliukaza robo mzunguko tu, tukangoja siku nzima, ndipo tukapima tena. Sasa gitaa hulala ndani ya sanduku pamoja na kikopo cha sabuni chenye matundu, ndani yake sponji yenye unyevu kidogo, ili lisikauke kupita kiasi.

Mzee yule alituonyesha pia amplifaya yake ya zamani ya valvu. Mwalimu alitukataza kuifungua, kwani kapasita zake zaweza kushika volti mamia hata baada ya kuchomolewa ukutani, nazo zaweza kuua. Kwa sasa twatumia amplifaya ya matangazo ya shule. Kujua mahali pa kuacha ni sehemu ya ufundi.

Matengenezo yote, pamoja na nyuzi mpya, yalitugharimu Sh. 95,000/=. Gitaa limetufikia kwa Sh. 275,000/=. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, na sera ya elimu ya leo yasisitiza mafunzo ya amali. Nauliza: amali ni nini, ikiwa si kuchukua kitu kilichokufa, kukielewa na kukifanya kitende kazi?

Wapo walioshauri kwamba, tusipoliuza, basi tulipake rangi mpya ling'ae. Hilo pia silikubali. Mikwaruzo ile na ile sehemu iliyolika na mkono wa mpigaji ni habari ya miaka mingi. Isitoshe, wajuzi hawapendi gitaa la kale lililopakwa rangi upya. Thamani yake hushuka. Sehemu zote tulizobadili tumezihifadhi katika kopo, hata kile kipande cha plastiki. Lakini simtetei mtu asemaye tu kwamba ya kale ni dhahabu. Gitaa lisilolia ni kuni. Dhahabu yake ni sauti.

Najua wapo wazazi waonao kwamba gitaa ni mlango wa uhuni. Naomba wafikiri hivi: kijana aliyekaa saa tatu akilehemu waya mwembamba kama unywele amejifunza utulivu, na mhuni hana utulivu. Kuhusu wakati, mazoezi yetu ni Jumamosi alasiri tu, baada ya usafi.

Imebaki hoja ya vitabu, nayo ndiyo nzito. Sitasema vitabu havihitajiki. Darasani kwetu watu watatu hutumia kitabu kimoja. Lakini gitaa likiuzwa litatupa fedha mara moja tu. Likibaki, laweza kutupa fedha kila mwaka. Napendekeza siku ya kufunga muhula tufanye onyesho, gitaa hili pamoja na zeze na ngoma zetu, kiingilio Sh. 2,000/=. Wakija watu 300 tutapata Sh. 600,000/=, nazo zote ziende kwenye vitabu. Mwaka ujao tutafanya tena.

Napendekeza pia gitaa liandikwe katika daftari la mali ya shule, lipewe mwalimu mmoja wa kulisimamia, na kila mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayelijua asiondoke kabla hajamfundisha mmoja wa Kidato cha Kwanza kulipiga na mmoja kulitengeneza. Wazazi wetu wapendwa, mtakapopiga kura, pimeni bei ya mgeni pamoja na hayo. Mkiona bado bei ni nzito zaidi, sisi tutatii. Lakini kabla ya kupiga kura, tunaomba dakika tano tu, mlisikilize kwanza.