WATOTO WAFUNZWE KUJADILIANA



Katika mtihani wa KCPE, uliokoma mwaka 2023, mtoto aliandika insha, lakini maswali mengi alichagua tu jibu moja kati ya manne. Sasa watoto wetu wa gredi ya 7 hadi 9 wamo JSS, na twaambiwa watafunzwa kujadiliana. Vema. Lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa ataandika ubaoni, wao wanakili.

Wasomeshwe karatasi zetu! Mkataba wa kazi mmoja watosha: mtoto ausome kwa sauti, aandike maana ya kifungu cha ovataimu kwa maneno yake, kisha mwenzake ampinge. Wengi wetu tulitia sahihi tusichokielewa, tukaja kulia mlangoni pa Chama. Mkutano wa wazazi ukiitwa, msiulize alama peke yake. Ulizeni mtoto alibishana na nani, na kwa sababu gani.